Kiongozi wa Kanisa: Tumuulize Nani Habari Zake?



Kila tunapokaa na vikundi vya pande za Lunga Lunga, kuanzia Kikoneni na Mwereni hadi Vanga kule pwani, kuna swali moja lisilokosa kutokea. Huulizwa mkutano ukishakwisha, watu wakinywa chai, na muulizaji huangalia kwanza ni nani aliye karibu. Swali lenyewe ni hili: "Mtu akiwa mzee wa kanisa, sisi twaweza kumuuliza habari za pesa?"

Swali hili latuonyesha kwamba watu wetu wana mashaka, na tena wana woga. Tumeona tuliandikie kwa urefu kidogo katika toleo hili. Nyinyi mwajua kwamba vijijini kwetu uongozi haukugawanyika. Mzee wa kanisa ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji. Shemasi ndiye mweka hazina wa mzunguko wa kina mama. Mchungaji ndiye anayeitwa kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba. Mtu huyo akiteleza mahali pamoja, ameteleza kote, na walioweka shilingi zao ndio wanaoumia.

Kisa cha kikundi kimoja

Tunakijua kikundi kimoja, jina lake hatutalitaja, ambacho kilikuwa na sanduku la akiba. Wanachama ni Wakristo na Waislamu pamoja, kama ilivyo desturi huku kwetu. Mweka hazina wao alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, mwenye sauti nzuri ya kuomba. Yeye ndiye aliyefungua kila mkutano kwa sala.

Basi siku moja mtoto wake akarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mzee akachukua pesa sandukuni. Hakuandika. Moyoni mwake hakuiba, alikopa tu, na alikusudia kurudisha baada ya kuuza korosho. Lakini korosho zikachelewa, mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, na kila akiulizwa hesabu alisema zitasomwa mkutano ujao. Watu wakanyamaza. Nani atamkazia macho mtu wa Mungu?

Aliyevunja ukimya alikuwa mama mmoja Muislamu, mwanachama wa tangu mwanzo. Alisema kwa heshima kabisa: "Mzee wangu, sisi hatukukupa ufunguo kwa sababu unajua kuomba. Tulikupa kwa sababu tulidhani unamuogopa Mungu."

Mzee aliinamisha kichwa, kisha akasema kweli yote. Aliuza mbuzi wake, akalipa, akaacha kazi ya kuweka hazina, na kanisani pia akaomba apumzishwe kwa muda. Kikundi hakikufa. Lakini tuliobaki tulijiuliza: mbona sisi kanisani hatukuuliza mapema? Mbona tulimngoja mama yule, ambaye si wa kanisa letu, atufundishe sifa ya kiongozi wa kanisa?

Orodha ya zamani

Sifa hizo tunazo kwenye maandiko tangu zamani. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo aliyekuwa Efeso, na Tito aliyekuwa kisiwani Krete, akawaeleza watu wa kuwaweka kuwa wasimamizi, wazee na mashemasi. Someni waraka wa kwanza kwa Timotheo sura ya 3, na waraka kwa Tito sura ya 1. Efeso ulikuwa mji wa bandari na biashara, katika nchi tunayoiita leo Uturuki. Watu wa kila dini waliingia na kutoka, na Wakristo walikuwa wachache kati ya majirani wengi. Sisi wa Lunga Lunga, tunaoishi mpakani, malori yakipita kwenda Horohoro na kurudi, hali hiyo hatuhitaji kuelezwa.

Ukiisoma orodha ile polepole, utashangaa jambo moja. Sifa ni kumi na zaidi, lakini kipaji kilichotajwa ni kimoja tu: ajue kufundisha. Zilizobaki zote zahusu tabia. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kiongozi awe na sauti kubwa, awe tajiri, awe na gari, ama awe anajuana na wakubwa. Nasi tunapochagua, jamani, mara nyingi hayo ndiyo tunayoyatazama kwanza.

Tumezipanga sifa hizo katika mafungu manne ili vikundi viweze kuzijadili.

1. Nyumbani kwake

Kiongozi atazamwe kwanza nyumbani. Awe mwaminifu katika ndoa, na watoto wamheshimu bila ya kutishwa. Hoja ya Paulo ni nyepesi: asiyeweza kuitunza nyumba yake mwenyewe, nyumba ya Mungu ataitunzaje? Hapa hatusemi kwamba mtu akiwa na mtoto mkaidi basi hafai. Watoto wana akili zao. Tunauliza kama yeye mwenyewe ni baba au mama anayekaa, anayesikiliza, asiyeinua mkono.

Katika fungu hili limo pia jambo la ukarimu. Mkristo wa zamani aliyesafiri alipokelewa nyumbani kwa wazee wa kanisa. Huku pwani tunalijua hilo: mgeni hapiti bila ya maji ya kunywa. Kiongozi ambaye mlango wake uko wazi kwa wakubwa tu na umefungwa kwa wanyonge, huyo bado.

2. Ulimi wake, hasira yake na kikombe chake

Orodha yataja mtu mwenye kiasi, asiye mlevi, asiye mgomvi, asiyepiga watu. Mwajua mambo ya mangweni. Mtu aliyekunywa mnazi hadi akashindwa kupata njia ya kwao, kesho yake atawashauri vipi vijana? Lakini kuna ulevi mwingine usionuka mdomoni, nao ni ulevi wa cheo. Huyu hapigi kwa fimbo, hupiga kwa maneno, na kila anayempinga humwita adui wa kazi ya Mungu. Upole aliousema Paulo ni nguvu ya mtu anayeweza kukosolewa mbele za watu naye asilipize.

3. Mkono wake na pesa

Asiwe mpenda pesa. Neno hili limesemwa kwa wasimamizi na kwa mashemasi vilevile, maana mashemasi ndio walioshika vitu vya maskini. Jihadharini: kupenda pesa hakuanzi na wizi. Huanza na kutoandika. Huanza na "nitarudisha kesho".

Kuna mfano wa hivi karibuni katika nchi yetu. Mwezi wa Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alitangaza kwamba michango ya mamilioni ya shilingi, iliyotolewa na Rais na wanasiasa wengine katika kanisa la Soweto kule Nairobi, itarudishwa. Alieleza kwamba kanisa lapaswa kubaki huru, lisitumiwe kwa siasa. Watu walibishana sana, wengine wakasema pesa ni pesa. Sisi twaliona fundisho moja: kiongozi anayeweza kurudisha pesa hajafungwa nazo. Hebu jiulizeni, mheshimiwa akija kwenye harambee yenu na bahasha, nani kati ya viongozi wenu ataweza kuuliza inatoka wapi na inataka nini?

4. Muda aliokaa

Asiwe mtu aliyeingia imani jana. Akipandishwa haraka, kiburi humjaa. Paulo alimwonya Timotheo pia asiharakishe kumwekea mtu mikono, na mashemasi akasema wajaribiwe kwanza. Wazee wetu nao walisema haraka haraka haina baraka.

Mambo haya manne yawahusu wanaume na wanawake. Katika Kanisa Anglikana la Kenya, Mama Rose Okeno aliwekwa kuwa askofu wa Butere mwaka 2021. Makanisa hayakubaliani yote juu ya jambo hilo, na hatukusudii kulimaliza hapa. Lakini katika vikundi vyetu kina mama ndio wengi, na ndio wanaoshika funguo. Kipimo chao na chetu ni kimoja.

Mtu aliyejaribiwa miaka 20

Ili msidhani haya ni maneno ya vitabuni tu, tuvuke kivuko cha Likoni, tupite Mombasa, tupande hadi Rabai, katika kaunti ya Kilifi. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye yeye na mwenzake Rebmann wakaanza kukaa Rabai. Lakini leo hatumzungumzii Krapf. Tunamzungumzia William Jones.

Jones alikuwa Myao. Alikamatwa utotoni akafanywa mtumwa, akaokolewa, akapelekwa India, akasoma katika shule ya misheni karibu na mji wa Nasik. Mwaka 1864 akarudishwa Afrika, akaja kufanya kazi Rabai pamoja na wenzake, ambao waliitwa Waafrika wa Bombay. Alifundisha, alihubiri, alikaa na watu. Aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1885, pamoja na Ishmael Semler, na Askofu James Hannington. Hesabuni wenyewe: tangu 1864 hadi 1885 ni zaidi ya miaka 20. Hata kama twaona alicheleweshwa kupita kiasi, na pengine ndivyo ilivyokuwa, hakuna aliyeweza kusema kwamba watu wa Rabai hawakumjua Jones.

Mwaka huohuo askofu alisafiri kwenda Uganda kwa miguu, naye Jones akawa pamoja naye. Walipofika Kwa Sundu, pande za Mumias ya leo, askofu alitangulia na watu wapatao 50, akamwachia Jones sehemu kubwa ya msafara. Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba 1885. Jones akabaki na wapagazi wengi mbali na kwao, chakula shida, habari mbaya zikimfikia kidogo kidogo. Alingoja kwa wiki kadhaa, asije akawaacha nyuma walionusurika. Kisha akawaongoza watu wake safari yote ya kurudi, wakafika Rabai mwezi wa Februari 1886.

Hakuna aliyempa Jones mtihani wa karatasi siku ile. Mtihani ulikuwa: je, utawaleta watu nyumbani? Tena katika miaka hiyo Rabai ilikuwa kimbilio la watumwa watoro, na waliowapokea walijua hatari yake, maana mabwana wa watumwa walikuwa na hasira. Suluhisho lilipatikana mwishoni mwa mwaka 1888, mabwana wakalipwa fidia na zaidi ya watoro 1,000 wakapewa hati za uhuru. Tabia ya kiongozi ilionekana hapo, katika watu ambao alikubali kuwafungulia mlango.

Kiongozi asiyeulizwa

Sasa tutazame upande mwingine, na hapa twaandika kwa uchungu. Katika kaunti hiyohiyo ya Kilifi, mwezi wa Aprili 2023, nchi nzima ilishtuka kusikia habari za msitu wa Shakahola. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na watoto walikuwamo. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa, nao wakakana mashtaka. Kuhukumu ni kazi ya mahakama, sisi hatuiingilii. Serikali iliunda jopo mwaka 2023, likiongozwa na Kasisi Mutava Musyimi, kuchunguza sheria za mashirika ya dini, na taarifa yake ikatolewa mwaka 2024.

Lakini sheria peke yake haitatosha. Sheria haikai kanisani Jumapili. Tunaokaa pale ni sisi. Fundisho letu ni hili: watu wakifundishwa kwamba kumuuliza kiongozi ni kumuuliza Mungu, mlango wa hatari umefunguliwa. Huanza na vitu vidogo. Usimuulize hesabu. Usimuulize kwa nini amekataza wagonjwa kwenda zahanati. Usiongee na ndugu zako walio nje ya kanisa. Mkiona kiongozi anawakata watu na jamaa zao na majirani zao, msingoje.

Ushuhuda wa walio nje

Hapa ndipo tunapofikia sifa ambayo tumeiacha makusudi hadi mwisho. Katika orodha ya Timotheo ndiyo ya mwisho kwa msimamizi, nayo yasahauliwa kuliko zote. Yasema kwamba kiongozi awe na jina jema kwa watu walio nje ya kanisa.

Fikirini jambo hilo. Paulo angeweza kusema Wakristo wajichagulie wenyewe, mambo ya nje hayawahusu. Hakusema hivyo. Alitaka jirani asiye Mkristo naye asikilizwe. Kwetu Kwale, ambako majirani wetu wengi ni Waislamu, sifa hii ni kubwa sana. Mwenye duka anajua nani hulipa deni na nani hubadilisha njia akiliona duka. Fundi anajua nani alimpunja ujira. Mwenye bodaboda anajua nani alibebwa usiku na kutoka wapi. Jirani wa shamba anajua nani husogeza mpaka. Wao hawamuoni kiongozi wetu akiwa na Biblia mkononi. Wanamuona akiwa na pesa ya chenji mkononi.

Na ndugu zetu Waislamu wanalo neno ambalo Waswahili wote twalitumia: amana. Kitu ulichoachiwa ukitunze, si chako, na utaulizwa. Wakisema "fulani ni mtu wa amana", basi wamemshuhudia. Wakicheka kichini tunapomtaja, tusikimbilie kusema wanatuonea wivu. Tuulize kwanza.

Tufanyeje?

Kwa kanisa au kikundi kinachotaka kuchagua kiongozi, twashauri hivi:

Kwanza, msichague siku mliyopendekeza. Acheni wiki kadhaa katikati, watu waulize na watafakari.

Pili, wapelekeni watu wawili au watatu wakaulize majirani, wa kanisa na wasio wa kanisa. Waende kwa adabu, wasiende kama wapelelezi. Swali moja latosha: "Huyu ndugu yetu, mtu ukimwachia kitu, utakikuta?"

Tatu, mpeni kazi ndogo kabla ya kubwa. Ashike daftari la kufagia kanisa kabla ya kushika la pesa.

Nne, msimwache peke yake na jaribu. Sanduku la akiba liwe na kufuli tatu, na funguo zikae kwa watu watatu tofauti. Hesabu zisomwe kila mkutano, kwa sauti, hata kama ni shilingi 50. Mzee wetu wa kile kisa angeokolewa na kufuli mbili zaidi. Kumlinda mtu namna hii si kumdharau.

Tano, akishtakiwa, fuateni haki. Paulo alikataza kupokea mashtaka juu ya mzee pasipo mashahidi wawili au watatu. Uvumi wa kisimani haumwondoi mtu kazini. Lakini jambo likithibitika, lisifunikwe ati kwa sababu tunalinda jina la kanisa. Nazi mbovu harabu ya nzima. Jina la kanisa hulindwa na ukweli.

Na yule aliyeanguka akatubu, asitupwe. Yule mzee wetu leo yuko. Bado hashiki pesa, mwenyewe hataki. Lakini kikundi kikiwa na kijana mpya anayepewa ufunguo, humwita pembeni akamwambia habari za mbuzi wake na kwa nini aliwauza. Twaamini kwamba hakuna mafunzo tunayotoa sisi yanayofika hapo.

Kwa hiyo, ndugu aliyeuliza wakati wa chai, jibu letu ni: ndiyo, muulize. Muulize kwa heshima, mbele ya wenzako, na daftari likiwa wazi. Aliye na sifa za uongozi atakushukuru.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mlipochagua viongozi wenu mara ya mwisho, mlitazama nini kwanza: kipaji, mali, au tabia?
2. Katika kikundi chenu, mwanachama mdogo kuliko wote anaweza kuuliza hesabu bila ya kuogopa? Kama hawezi, nini kinamzuia?
3. Majirani wasio wa dini yenu wangesema nini juu ya viongozi wenu? Nani atakwenda kuwauliza?
4. Funguo za sanduku lenu ziko kwa watu wangapi leo?